Fungu la Mtoro

Kikao kilikaa chini ya mwembe wa marehemu bibi, hapa Msimbu, Jumapili moja ya mwaka 2021, na ajenda ilikuwa moja tu: shamba. Bwana mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amekuja mara mbili na gari jeupe, akatembea mpaka mwisho wa mikorosho, akarudi akipangusa viatu, akaacha namba ya simu. Tangu mji ulipovuka Gongo la Mboto na kuanza kuvipanda vilima vya Pugu, kila mwenye mikorosho kumi huku Kisarawe ameambiwa kwamba hana shamba, ana viwanja.

Sisi ni Wazaramo, na kwetu ukoo unafuata tumbo la mama, hata kama dini na serikali zimeshatufundisha hesabu nyingine. Shamba lilikuwa la bibi mzaa mama. Bibi alizaa watoto watatu: mama mkubwa, mama yangu, na mjomba, kitinda mimba. Mama mkubwa na mama wametangulia mbele ya haki. Mjomba yuko Marekani, katika mji wa Baltimore, tangu mwaka 1983.

Dada yetu mmoja ambaye ni mwalimu ndiye aliyeshika kauntabuku. Aliandika fungu la kwanza, akaandika la pili, akafika la tatu, akainua kalamu na kumtazama babu mdogo, ndugu yake bibi, mwenye miaka themanini na ushee, ambaye ndiye mwenyekiti wetu kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa rika lake. Kabla babu hajafungua kinywa, kaka yetu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, akasema:

"Mtoro hana fungu."

Watu wakainama. Haikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa kuhusu mjomba, lakini lilikuwa likisemwa pembeni, jikoni, si mbele ya daftari. Kaka akaendelea, kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa: huyu mtu hakumzika mama yake mwaka 1994, hakumzika dada yake 2006, hakumzika dada yake mwingine 2015. Leo shamba limepata bei ndipo jina lake liandikwe?

Mimi nikajibu lile tulilolijibu siku zote, lile nililofundishwa na mama: mjomba hawezi kuja, sheria ya kule inamzuia. Alitoroka melini. Akitoka hawezi kurudi.

"Wewe ndiye karani wa mahakama," kaka akasema. "Tuletee hiyo sheria. Tuoneshe inapomzuia."

Babu mdogo akaahirisha kikao kwa wiki mbili. Nami nikarudi kazini nikiwa na kazi ya nyumbani, kama mtoto wa shule.

Nilisoma cheti cha sheria Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, miaka mingi iliyopita, na sheria ninayoijua ni ya wizi wa kuku, mirathi na madeni ya vikoba. Sheria ya bahari sikuwahi kuigusa. Nilianza kuisoma kwenye simu, usiku, nikidhani nitapata ukurasa mmoja unaosema baharia akitoroka meli anafanywa hivi na hivi. Nilichokuta ni hadithi ndefu kuliko nilivyotarajia, na mwanzo wake uko mbali na mjomba wangu karibu miaka mia mbili.

Mwaka 1788 Marekani ilifunga mkataba na Ufaransa juu ya kazi za makonseli, yaani mabalozi wadogo wanaokaa bandarini. Kifungu cha tisa kinahusu mabaharia watoro. Meli ya Kifaransa ikitia nanga New York au Philadelphia na baharia akatoweka mitaani, konseli wa Ufaransa alikuwa na haki ya kwenda mahakamani kwa maandishi na kudai mtu wake. Mahakama ilitakiwa isaidie kumtafuta na kumkamata. Akikamatwa angewekwa jela ya Marekani kwa gharama ya konseli mpaka apatikane chombo cha kumrudisha. Miezi mitatu ikipita hajarudishwa, aachiwe, na asikamatwe tena kwa kosa hilohilo. Mwaka 1792 Bunge la Marekani likataja kwa sheria kwamba majaji wa wilaya wa shirikisho ndio watakaoshughulikia maombi hayo.

Nilisimama kidogo hapo. Mtu hajaiba, hajapiga mtu. Ameacha kazi tu. Na serikali ya nchi ya kigeni, ambayo yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imemtoroka mfalme wake, inatoa askari na jela ili kumrudisha kazini.

Lakini kifungu kilikuwa na sharti, na mimi kama karani nililipenda sharti hilo. Konseli hakutosha kusema "huyu ni wangu." Alipaswa kuonesha daftari la meli au orodha ya mabaharia wake, ili ithibitike kwamba jina la mtu huyo limo.

Sharti hilo halikukaa karatasini tu. Miaka michache baadaye nahodha mmoja Mfaransa, Barré, aliyekuwa akiongoza manowari iitwayo Le Perdrix, aliacha meli yake na kukaa New York. Makamu wa konseli wa Ufaransa akaenda kwa Jaji John Laurance kuomba hati ya kumkamata. Hakuwa na daftari halisi la meli, alikuwa na nakala. Jaji akakataa: mkataba unataka daftari lenyewe. Serikali ya Marekani, ambayo haikutaka kugombana na Wafaransa, ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi kuomba jaji alazimishwe kutoa hati. Mwaka 1795 Mahakama Kuu ikasema haiwezi kumlazimisha jaji atoe uamuzi kinyume na alivyoona mwenyewe. Barré akabaki New York.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kaunta ya mahakama anaijua sura ya mtu anayeambiwa "lete halisi, hii ni nakala." Mimi ndiye ninayesema maneno hayo kila siku, na wanaoambiwa hunichukia. Ilinifurahisha kujua kwamba angalau safari moja yamemwacha mtu huru.

Mkataba ule na Ufaransa ukavunjwa mwaka 1798, nchi hizo mbili zilipokosana, lakini fikra ikabaki. Mikataba mingine ikafuata na mataifa mengine, na tarehe 2 Machi 1829 Bunge likatunga sheria moja ya jumla ya kuwakamata na kuwarudisha mabaharia watoro wa meli za kigeni. Jina lake lenyewe linasema "baadhi ya meli za kigeni," na neno "baadhi" ndilo lenye uzito. Sheria ilihudumia tu mataifa yaliyokuwa na mkataba wenye kifungu hicho. Nchi isiyo na kifungu, konseli wake angerudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo nikakumbuka meli yetu sisi.

Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja na Muscat, iliingia New York. Iliitwa Sultana, na mkuu wa msafara alikuwa Ahmad bin Naaman, ambaye picha yake ya rangi, kilemba na joho, bado ipo hadi leo. Ilikuwa imeondoka Unguja mwezi wa pili, imebeba pembe za ndovu, karafuu, ngozi, tende, na sandarusi. Sandarusi hiyo ilichimbwa pwani ya bara, na Uzaramo ilikuwa moja ya sehemu zake, kwa hiyo huenda jasho la mtu wa vilima vyetu lilifika Marekani kabla ya mjomba, likiwa ndani ya sanduku, likaenda kung'arisha meza za watu. Wamarekani waliwapokea wageni vizuri, wakawatengenezea meli yao bure katika karakana ya jeshi la majini kule Brooklyn, na mwezi wa nane ikaondoka kurudi.

Zaidi ya miezi mitatu meli ya kwetu imekaa New York. Mabaharia wake, Waarabu, Wahindi, na watu weusi wa pwani ambao wengine walikuwa watumwa, wanautazama mji. Sasa tuseme mmoja wao ameshuka usiku asirudi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulishakuwapo, umetiwa saini Muscat mwaka 1833. Una ushuru wa asilimia tano, una habari ya meli zilizovunjika, una haki ya Marekani kuweka konseli ambaye atawahukumu Wamarekani wenzake. Vifungu tisa, na sikuona hata kimoja kinachomtaja baharia mtoro. Kwa sheria ile ya 1829 hakuna jaji wa New York ambaye angekuwa na lolote la kumfanyia. Orodha ya mabaharia ya Sultana, hata iwe halisi na yenye muhuri, ingekuwa karatasi tu.

Nilimpigia mjomba kumweleza hayo. Tulikuwa tunazungumza kila baada ya wiki mbili au tatu, yeye akiwa mchana, mimi usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hujalala?"

Nikamwambia habari ya Sultana. Alicheka, kisha akanyamaza kama mtu anayepima kina cha maji.

"Mtu mweusi, 1840, New York," akasema. "Angekwenda wapi? Wangemteka wakamuuze Kusini. Mimi nisingeshuka."

Ni kweli. Utumwa ulikuwa umekwisha katika jimbo la New York tangu 1827, lakini palikuwa na watu waliokuwa wakiwakamata weusi huru na kuwapeleka kwenye mashamba ya Kusini, na mwaka mmoja tu baada ya Sultana kuondoka, Solomon Northup, mtu huru wa jimbo hilohilo, alitekwa na akakaa utumwani miaka kumi na miwili. Mjomba hakusoma sheria, ila anajua mitaa. Kule kutokamatwa na konseli hakukuwa na maana ya kuwa salama.

Yeye mwenyewe alishuka Baltimore mwaka 1983. Meli ilikuwa ya Kigiriki, imekuja kupakia makaa ya mawe Curtis Bay. Aliwahi kunichekesha kwamba alikimbia mkaa wa Msimbu akaenda kukutana nao Marekani, mkubwa zaidi na wenye reli. Nyumbani mwaka ule sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na redioni walikuwa wanasakwa wahujumu uchumi. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Ruhusa ya baharia kushuka pwani kule haizidi siku 29, na mara nyingi ni kwa muda ule tu ambao meli ipo bandarini. Alishuka na wenzake wawili kwenda kununua jinzi. Wenzake wakarudi. Yeye akapanda basi asilojua linakwenda wapi, akakaa kiti cha nyuma mpaka mwisho wa safari.

Sisi watoto tulikua tukiambiwa "mjomba amezamia." Niliposikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani amekufa maji.

Na nyumbani kwetu mtoro lilikuwa pia jina la mtu. Mzee mmoja jirani aliitwa Mtoro, na hakuna aliyeona ajabu. Aliyeandika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi kuishi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ikawakatalia. Alifia Berlin mwaka 1927. Namtaja kwa sababu kila nikimfikiria namwona juu ya sitaha, akiitazama pwani yake mwenyewe.

Nirudi kwenye sheria, maana ndiyo niliyotumwa.

Kukamatwa kwa watoro wa meli za kigeni kuliendelea Marekani mpaka karne ya ishirini. Mwaka 1899 Urusi ilituma askari wa majini Philadelphia wangojee manowari Variag iliyokuwa ikiundwa pale. Mmoja wao, Leo Alexandroff, akatoroka mwaka uliofuata, akaenda New York, akatangaza nia ya kuwa raia, akapata kazi. Warusi wakamdai kwa mkataba wa 1832. Mawakili wake walitoa hoja tamu: meli yenyewe haijakamilika, atatorokaje kitu ambacho bado si meli? Mahakama za chini zikamwachia. Januari 1902 Mahakama Kuu, majaji watano kwa wanne, ikasema ni mtoro na mkataba unamhusu. Miaka miwili baadaye Variag ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe huko Chemulpo, Korea, baada ya kupigwa na Wajapani.

Kabla ya hapo, mwaka 1897, mahakama hiyohiyo ilikuwa imewahukumia mabaharia wanne wa meli ya Kimarekani iitwayo Arago, waliotoroka kule Oregon na kurudishwa melini kwa nguvu. Walisema: tangu 1865 Katiba imekataza mtu kutumikishwa bila hiari. Mahakama ikajibu kwamba makatazo hayo hayamhusu baharia, kwamba mkataba wa baharia tangu zamani ni wa namna yake, na kwamba watu wa kazi hiyo ni kama watoto wanaohitaji kulindwa na nafsi zao. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alikataa. Baharia mmoja mzaliwa wa Norway, Andrew Furuseth, aliyeongoza chama cha mabaharia, alipigana na jambo hilo miaka na miaka, mpaka mwaka 1915 ikapita sheria iliyoletwa na Seneta Robert La Follette. Sheria hiyo ilifuta kukamatwa kwa baharia kwa sababu ya kuacha meli, na ikamwagiza Rais awape taarifa wenye mikataba kwamba vifungu vya kuwarudisha watoro vinaondolewa. Mchezo wa konseli na daftari ukaishia hapo, baada ya miaka mia na ishirini na kitu.

Kwa hiyo mjomba aliposhuka mwaka 1983, kapteni wake wa Kigiriki hakuwa na jaji wa kumwendea aletewe mtu wake. Aliripoti uhamiaji, akangoja kidogo, akang'oa nanga. Meli haikumtaka tena. Nchi nayo haikumtaka. Kukosa hati ya kukamatwa na konseli si kupewa kibali cha kukaa, na sheria za uhamiaji za karne ya ishirini zilikuwa zimemwekea baharia mlango wa pekee: aliyeingia kama baharia hakuruhusiwa kubadilisha hadhi yake akiwa ndani ya nchi, hata akioa raia. Mwanafunzi aliyezidisha muda angeweza, mtalii angeweza. Baharia ilibidi atoke nje akaombe huko. Mwaka 1986 Marekani ilitoa msamaha kwa waliokuwa ndani bila ruhusa tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982, na mjomba alikuwa amechelewa. Mwaka 1996 ikapita sheria nyingine: aliyekaa bila ruhusa mwaka mmoja au zaidi, akitoka, hawezi kurudi kwa miaka kumi.

Nikaziandika tarehe hizo kwenye karatasi kwa ajili ya kaka. Nilifurahi. Sheria inamzuia, hii hapa, kipengele kwa kipengele. Mwaka 1994 bibi alipokufa asingeweza kuja na kurudi. Ndipo nikasoma mstari uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1994 lilifunguliwa dirisha. Watu wa aina yake, mabaharia wakiwa wametajwa wazi, waliruhusiwa kulipa faini, baadaye ikawa dola 1,000, na kumaliza karatasi zao hukohuko ndani, mradi kuna mtu wa kuwaombea. Mwisho wa kufungua ombi ulikuja kuwa tarehe 30 Aprili 2001. Nami nilijua mjomba alimuoa mama wa watoto wake, Mmarekani, mwaka 1999, kwa sababu picha ya harusi ilikaa kwenye kabati la vyombo la mama mpaka panya wakala kona.

Sikumpigia siku tatu. Siku ya nne nikampigia.

"Mjomba, karatasi zako ulizipata lini?"

Nikasikia maji ya bomba yakifungwa.

"Elfu mbili na tatu."

"Mama alifariki 2006."

"Najua mwaka aliokufa dada yangu."

Sikusema kitu. Kazini nimejifunza kwamba mtu ukimnyamazia ataendelea mwenyewe, lakini safari hii haikuwa mbinu, nilikuwa sina la kusema. Mama yangu aliumwa miezi tisa. Alikuwa na kaseti mbili za sauti ya mjomba, za miaka ya themanini, na redio ya kuzichezea iliyobaki na kifuniko cha mpira wa kubania nywele. Alipokuwa hawezi kukaa, nilimwekea redio kwenye mto. Wageni wakija kumpa pole na kuuliza habari ya mdogo wake, alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwanawe shuleni: "Sheria. Sheria ya kule ngumu."

"Alijua?" nikamuuliza. "Mama alijua umepata karatasi?"

"Nilimwambia mwaka uleule."

Hilo sikulitarajia. Mama alijua. Miaka mitatu aliendelea kusema sheria ya kule ngumu, akijua haimzuii tena.

Mjomba akaeleza, si kwa mpangilio, huku akirudia maneno. Kitabu cha ubaharia na hongo ya kupata nafasi melini vililipwa na mama, kwa korosho za misimu miwili na vitenge vyake vya harusi. Alimwahidi atamwezekea nyumba bati. Kitabu chenyewe kilibaki kwenye kasha la kapteni siku aliposhuka, na jina lake likabaki kwenye orodha ya meli ile, sijui iko wapi leo. Alipopata karatasi alianza kuhesabu. Nauli. Bati. Nguo za watu. Kitu cha kila mtoto, maana watoto wameshakuwa ishirini na kitu. Alikuwa anaosha vyombo mchana, usiku anasafisha ofisi. Kila mwaka hesabu ilikuwa inakaribia halafu inakwenda mbali.

"Mtu amekaa Marekani miaka ishirini, anashuka Msimbu na begi moja. Watasema nini?"

"Mama asingesema kitu."

"Ndiyo maana nilishindwa."

Nilikasirika, na sitaki kuficha hasira hiyo kwa sababu amekuwa mzee. Bado ninayo. Ninajua watu wengi waliokaa nje kwa sababu ya bati. Nyumba ya mama iliezekwa mwaka 2009, kwa mkopo wangu, na yeye hakuiona.

Kikao cha pili kilikaa mahali palepale. Nilikuwa na karatasi yangu ya tarehe, na njiani, kwenye bodaboda, nilikuwa nimeshaamua mara tatu kuishia mwaka 1996. Hakuna mtu Msimbu ambaye angesoma mstari uliofuata. Ningemlinda mjomba kama mama alivyomlinda, na fungu lingeandikwa.

Kaka akauliza, kwa heshima safari hii: "Haya karani. Sheria inamzuia au haimzuii?"

Nikasoma zote. Nilianza na konseli na daftari la meli, kwa sababu sikujua pa kuanzia, na wazee wakasikiliza habari ya Jaji Laurance kwa makini kuliko nilivyotegemea. Mmoja akasema huyo alikuwa kadhi wa kweli. Nikafika 1994, nikafika 2003.

"Haimzuii," nikasema. "Kwa miaka kumi na minane sasa haimzuii. Na mama alijua."

Kaka hakushangilia. Alitazama chini, akavunja kijiti. Nadhani naye, kama mimi, alikuwa amezoea kumlaumu mtu ambaye moyoni alimwamini kwamba hana njia.

Babu mdogo akakohoa.

"Mama yako alikuwa anajua," akasema.

"Ndiyo babu."

"Na fungu lake akasemaje?"

Nikasema ukweli: mama kila msimu alikuwa anaokota korosho za ile mikorosho minane ya upande wa kisima kwa gunia la peke yake, akiuza anaandika. Anasema za mdogo wangu. Hela akitumia, anaandika ametumia. Daftari lipo, la jalada la bluu, na mwandiko wake ni ule wa elimu ya watu wazima, herufi kubwakubwa. La mwisho liliandikwa Desemba 2005.

"Liko wapi?"

"Ninalo kwenye begi."

Sikuwa nimepanga kulitoa. Nilikuwa nalo kwa sababu nilikuwa nimeliazima jina: kila nilipokuwa nikisoma juu ya daftari la meli usiku, hilo ndilo lililokuwa likinijia. Babu akalipokea, akalifungua kwa kidole gumba, akiwa hasomi kwa sababu macho yake yamekwisha, akampa kaka. Kaka akasoma kurasa tatu au nne kimyakimya. Halafu akamrudishia mwalimu kauntabuku iliyokuwa mapajani mwake.

"Andika," akamwambia. "Lakini asaini mwenyewe. Sitaki mtu amsainie."

Mwalimu akaandika jina lote la mjomba, la kwake, la baba yake, na la babu yake, na mbele ya jina, kwenye safu ya sahihi, akaacha wazi. Bwana wa gari jeupe akaambiwa asubiri, na kwa kadiri ninavyojua bado anasubiri, ingawa mpwa mmoja tayari anauliza bei.

Usiku ule nilimpigia mjomba kumpa taarifa. Nilimwambia yote, na la mimi kusoma mpaka mwisho nililisema. Alinyamaza muda mrefu hata nikatazama simu kama imekatika. Nikasikia mlango wa friji, na mtoto wake mmoja akizungumza Kiingereza kwa mbali.

"Hiyo sahihi," akasema, "haiwezekani kwa simu?"

"Kaka amesema halisi."

Akacheka kidogo, puani.

"Siku hizi kutoka Gongo la Mboto mpaka Msimbu," akaniuliza, "nauli shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akaniambia niirudie. Nikarudia, na nikasikia kalamu ikiandika.